Regeza si Regesha

Nyinyi mnaojifunza mitambo siku hizi mna bahati ya kukosea kimyakimya. Taa nyekundu inawaka kwenye kioo, unabonyeza, unaanza upya, hata mwenzako wa meza ya pili hajui. Mimi nilipokosea, nilikosea kwa mtambo wa tani zaidi ya thelathini, saa nne asubuhi, jua linawaka, na mtaa mzima wa Gikondo umesimama unaniangalia. Mwalimu wenu aliponiomba niwaandikie habari za kazi yangu, nadhani alitaka ushujaa. Ushujaa sina, wanangu. Nina aibu, tena ninazo za kutosha darasa zima.

Kwanza mjue mtambo wenyewe. Chukua kifaru, king'oe kichwa chake pamoja na mzinga, ubakize mwili, injini na minyororo. Pale palipokuwa na mzinga weka kreni fupi. Tumboni weka winchi yenye kamba ya chuma nene kama mkono wa mtoto. Nyuma kabisa weka jembe kubwa la chuma, linaloshuka na kujichimbia ardhini ili mtambo usiburutwe na kile unachokivuta. Hilo ndilo gari la uokoaji. Halipigi mtu risasi. Kazi yake ni kwenda kuwatoa wengine walikokwama. Mimi nilikuwa fundi wake, na mara nyingi nilikuwa mimi ndiye niliyekwama.

Niliujifunza mtambo wa aina hiyo Tanzania, nilikozaliwa huko Karagwe kwa wazazi waliokimbia Rwanda zamani. Nilikuwa fundi raia kwenye karakana moja ya magari mazito, chini ya Mzee Komba, mtu mfupi, mkali, aliyevaa kofia ya sufu hata kwenye joto. Mwaka wa tisini aliniamini kwa mara ya kwanza niuendeshe peke yangu. Mtambo hauna usukani, una leva mbili, ya kushoto na ya kulia. Unavuta moja, upande huo unapunguza mwendo, mtambo unageuka. Unavuta kidogo kidogo, kwa adabu. Mimi niliona wapishi wametoka kantini kuniangalia, nikasema leo watanijua. Nikaivuta leva ya kulia hadi mwisho, nipige kona ya madoido. Mtambo ukageuka kweli, lakini mnyororo wa kulia ulikataa kugeuka nao. Ulichomoka wote, ukabaki umelala chini, na mimi nikaendelea mbele hatua kadhaa kwa mnyororo mmoja, nikizunguka kama kuku aliyekatwa kichwa. Tuliurudisha kwa siku nzima, kwa nyundo na mitaimbo. Wapishi walituletea chai, wakakaa chini kabisa, wakatazama mpaka mwisho.

Mzee Komba hakunigombeza. Alisema tu, "Deo, wewe una mikono ya fundi na akili ya jogoo." Kisha akanifundisha upya. Kabla ya kuwasha injini, piga pampu ya oili kwanza mpaka mshale upande, la sivyo vyuma vinasagana vikavu. Kamba ikikaza, mtu asiivuke na asisimame sambamba nayo, maana ikikatika inarudi na haina macho. Itupie gunia lenye mchanga katikati, ikikatika gunia litaivuta chini. Vaa glavu za ngozi, kwa sababu nyuzi zilizokatika kwenye kamba zinachoma kama sindano. Na kabla hujavuta, patana na mwenzako maneno na ishara za mikono. Mambo yote hayo niliyashika isipokuwa hilo la mwisho. Niliona ni la watu wasiosikia vizuri.

Agosti ya tisini na nne nikaja Kigali. Nilivuka mpaka wa Rusumo juu ya lori lililojaa magodoro, na sanduku langu la vifaa nimelikumbatia. Sitawasimulia nilichokiona njiani. Mliozaliwa hapa mna wazee wa kuwaambia, na wao wana haki ya kusema kuliko mimi niliyekuja mambo yakiwa yameisha. Nitasema tu kwamba nilikuja kwenye nchi ya mama yangu nikiwa sijui lugha ya mama yangu. Kinyarwanda changu kilikuwa cha kusalimia na cha kuomba chakula. Nikakifidia kwa kujivunia Kiswahili. Kila niliposhindwa kumwelewa mtu, nilinyoosha shingo na kumrekebishia Kiswahili chake. Mnawajua watu wa namna hiyo. Wanachosha.

Mtambo tuliukuta umetelekezwa kwenye yadi huko Gikondo, betri zimekufa, viti vimenyofolewa, kuku wametaga ndani ya chumba cha dereva. Ofisi iliyokuwa inasafisha barabara ikatafuta mtu anayeujua. Nikainua mkono kabla hawajamaliza kuuliza. Wakanipa msaidizi, Hamadi, fundi aliyezaliwa papo hapo Gikondo, Mwislamu, mtu mzima kunizidi, mpole, mwenye tabia ya kucheka kwa pua. Babu yake alikuja na wafanyabiashara kutoka pwani. Kiswahili chake kilikuwa cha Kigali hasa, ngeli zote amezikusanya akazitia kwenye gunia moja, na herufi L hana habari nayo.

"Hii burende iko mugonjwa sana," aliniambia siku ya kwanza. Burende ni jina ambalo watu wa Kigali waliita kila gari la deraya.

"Huu mtambo ni mgonjwa," nikamrekebisha.

"Ndiyo. Nami nasema hivyo. Iko mugonjwa."

Tuliufufua kwa wiki tatu. Hamadi ndiye aliyeupa jina, Mabukwe, yaani mama mkwe wangu. Kwa desturi ya hapa, mama mkwe unamsogelea kwa heshima, humkazii macho, na akinuna huulizi sababu. Mtambo ulikuwa hivyo hivyo. Ukiusogelea kwa pupa asubuhi, hauwaki. Hamadi aliusogelea na kofia mkononi, akaugonga ubavuni, akasema, "Mwaramutse, Mabukwe," na nawaambia ukweli wa Mungu, siku ambazo hakusalimia uligoma. Mimi nilikuwa namcheka. Baadaye nikawa nasalimia kwa siri.

Siku tulipoutoa barabarani kwa mara ya kwanza, akina mama walivuta watoto ndani wakafunga milango. Nani angewalaumu? Mlio wa minyororo ulikuwa haujawahi kuwaletea heri. Hamadi akaenda kwake, akarudi na shuka jeupe la mkewe, akalifunga juu ya kreni. Tukateremka hadi Nyabugogo na shuka letu, polepole, tukaburuta basi lililoungua kutoka kwenye lango la stendi. Wachukuzi wakapiga makofi. Mimi nikajaa kichwa, nikarudi nyuma kwa mbwembwe, nikakanyaga sanduku langu la vifaa nililolileta kutoka Tanzania. Nilikuwa nimeliweka chini mwenyewe. Spana ya ishirini na nne ninayo hadi leo, bapa kama kijiko. Njooni niwaonyeshe.

Basi. Sasa nifike kwa Mama Yvette, maana nimezunguka sana kwa sababu sipendi kufika.

Mama Yvette alikuwa mjane, wa umri wangu wakati ule, thelathini na kitu. Katika vita alipoteza mume na watoto wawili wa kiume. Alibaki yeye, binti yake Yvette wa miaka sita, na nyumba ya vyumba viwili chini ya barabara, pale Gikondo mlima unapoteremka kwenda bondeni. Nyumba yenyewe ilikuwa ya rukarakara, yale matofali ya udongo yasiyochomwa. Na juu ya nyumba hiyo, wakati wa vita, lori kubwa lilikuwa limetoka barabarani, likaserereka, likaja kuegemea ukuta wa chumba cha kulala. Lilikaa hapo miezi yote. Ukiwa ndani uliona ufa umeanza kwenye kona, na kila mvua iliponyesha lori liliteleza kidogo tena. Mvua za Novemba zilikuwa zinakuja. Zikinyesha wiki moja mfululizo, lori lingeingia kitandani. Na mama yule hakuwa na kwingine kokote duniani.

Alikuja yadini mwenyewe, akamweleza Hamadi kwa Kinyarwanda, polepole, bila kulia. Kiswahili alikuwa nacho kidogo cha sokoni. Hamadi akanitafsiria. Nikamjibu yule mama kwa Kiswahili changu cha redioni, "Mama, ondoa shaka. Tutaliondoa gari hilo bila hata kikombe kutikisika mezani."

Hamadi akamtafsiria. Tafsiri yake ilikuwa fupi sana.

"Umemwambia nini?" nikauliza.

"Nimesema tutajaribu."

Nikaudhika. Ndivyo nilivyokuwa.

Siku ya kazi tuliupanga mtambo barabarani, mgongo ukitazama bondeni, jembe limeshuka na kuuma ardhi vizuri. Kamba tukaiteremsha hadi kwenye lori, gunia la mchanga juu yake, kila kitu kama Mzee Komba alivyofundisha. Mama Yvette na bintiye tukawapandisha barabarani, mbali na kamba, pamoja na majirani. Hamadi alitakiwa kusimama chini, ubavuni, aone lori na ukuta. Mimi ndani, nikishika winchi, kichwa nje ya tundu. Kutoka pale nilimwona Hamadi vizuri sana, lakini ukuta sikuuona.

"Fundi," Hamadi akasema, "tutumie mukono. Mukono juu, unavuta. Mukono chini, unaregeza. Injini iko na kerere."

Hapo ndipo palipokuwa pa kusema sawa. Neno moja tu. Lakini majirani walikuwa wanasikiliza, na mimi nikaona nafasi ya kuonekana msomi.

"Hamadi," nikasema kwa sauti, "kusikia nasikia. Wewe jitahidi kutamka. Si regeza. Legeza. Ulimi juu. Le-ge-za."

Watu wakacheka. Hamadi akacheka kwa pua, akasema, "Babu yangu iko mutu ya Bagamoyo, wewe iko mutu ya Karagwe, rakini unanifundisha." Akateremka zake.

Sasa sikilizeni vizuri, maana kila kitu kiko hapa. Kamba ikikaza mno unasema legeza, yaani achia. Kamba ikiwa nje unataka irudi kwenye pipa la winchi, unasema rejesha, yaani vuta irudi. Ni amri mbili zinazopingana kabisa. Mdomoni mwa Hamadi, legeza ilikuwa regeza, na rejesha ilikuwa regesha. Wiki zote zile tulizofanya kazi pamoja nilimcheka kwa maneno hayo, na sikukaa hata mara moja kujiuliza nitayatofautisha vipi injini ikinguruma.

Nikaanza kuvuta. Kamba ikakaza, ikalia ule mlio wake mwembamba, lori likatikisika, likapanda hatua moja. Hatua ya pili. Jembe limeshika, Mabukwe ametulia, oili safi. Nikafurahi moyoni, nikajisemea, Deo, wewe ni fundi.

Kumbe huko chini pembe ya bodi la lori ilikuwa imeingia chini ya ule ubao wa juu ya ukuta, unaobeba paa. Lori likipanda, linanyanyua ubao. Hamadi akaona.

Nikamwona anafungua mdomo. "Rege..." nikasikia. "Rege...! Rege...!"

Regesha, nikafikiri. Anataka nirejeshe upesi. Ameona njia nyeupe, ananihimiza. Nikaongeza moto.

Akaanza kupunga mikono miwili chini, chini, chini. Ile ile ishara aliyoniomba tupatane. Mimi nikaona anashangilia. Wallahi nilimpungia na mimi. Akapiga kelele ya Kinyarwanda, "Buretse! Buretse!" Neno hilo maana yake ngoja, na mtoto wa miaka miwili wa Kigali analijua. Mimi sikulijua.

Lori likapanda hadi barabarani, zuri kabisa, likasimama nyuma yangu kwa magurudumu yake manne yaliyopasuka. Nikazima injini. Nikapanda juu ya mtambo, nikainua mikono yote miwili kama mchezaji aliyefunga bao, nikawageukia watu.

Hakuna aliyepiga makofi. Walikuwa hawaniangalii mimi.

Nikageuka. Pale penye ukuta wa chumba cha kulala palikuwa na vumbi. Vumbi lilipotulia nikaona kitanda. Nikaona neti, na gauni la Yvette kwenye msumari wa ukuta wa pili, na mabati ya paa yamejikunja kuelekea kwangu. Lori lilikuja na ubao, ubao ukaja na ukuta wote.

Nimepata aibu nyingi maishani, nyingine nimewasimulia hapo juu nikicheka. Hii sikucheka. Nikashuka kwenye ule mtambo kama mzee. Yule mama alikuwa na nyumba moja, na kabla hata mvua za Novemba hazijafika nilikuwa nimemfanyia kile ambacho lori lenyewe lilishindwa kwa miezi saba.

Nikamwendea. Alikuwa amesimama, mkono kwenye bega la Yvette. Nikaanza kuomba radhi. Nikamwaga Kiswahili chote nilichokuwa nacho, kwa dhati ya moyo wangu, nimekosa, ni uzembe wangu mimi si wa mwenzangu, sijui nitaanzia wapi. Akanitazama tu. Hakuelewa hata robo. Kiswahili chote kile nilichokuwa najitapa nacho hakikumfikia mtu pekee niliyehitaji anielewe.

Nikamgeukia Hamadi. Mtu niliyemdhihaki mbele ya watu dakika ishirini nyuma. "Nisaidie," nikamwambia.

Hamadi alifuta vumbi usoni, akamwambia yule mama neno moja: "Mbabarira." Nisamehe. Halikuwa "amesema umsamehe." Alisema nisamehe, kama kwamba winchi aliishika yeye.

Mama Yvette akayatazama mabati yaliyojikunja. Kisha akasema kitu kifupi.

"Anauriza," Hamadi akasema, "tutaanza kujenga saa ngapi."

Tulianza siku ile ile. Mabati tuliyanyoosha kwa nyundo. Udongo tuliukanyaga kwa miguu, na hapo ndipo ilipojulikana kwamba kuhusu udongo mimi sijui lolote. Niliweka maji mengi, matofali yangu ya kwanza yalitoka kwenye kalibu yakalala chini kama ugali wa mgonjwa. Yvette ndiye aliyenionyesha kiasi cha majani ya kuchanganya. Miaka sita! Alikuwa anayatupa kiganja kwa kiganja, ananitazama kama natarajiwa kuelewa. Kila jioni baada ya kazi, na Jumapili mimi nikitoka kanisani, tulikuwa pale, mama na mwanawe wakilala kwa jirani, sisi tukiangalia mawingu. Na katika siku hizo Hamadi akanifundisha Kinyarwanda. Alinirekebisha vibaya sana, mbele ya watu, kila neno. Nilistahili.

Nikasema angalau ukuta huu utakuwa wa kitaalamu. Nikafunga uzi, nikaning'iniza timazi, kila mstari nikaupima mara mbili. Siku nne bila mvua, Mungu alitusaidia. Ukuta ukafika usawa wa juu ya dirisha, umenyooka ungedhani umechorwa kwa rula. Hata mimi nilishangaa.

Mama Yvette akaja kuuona. Akasimama mbele yake muda mrefu. Akazunguka akaingia ndani, akatoka. Akasema kitu.

"Anasema iko nyooka," Hamadi akanitafsiria.

"Mwambie asante sana."

"Fundi, hakusifia."

Nikamtazama mama. Akaanza kueleza, na safari hii nilishika neno hapa na pale, kisha Hamadi akamalizia. Ukuta ule aliujenga mumewe kwa mikono yake, mwaka waliooana. Hakuwa mwashi, alikuwa karani. Kuanzia usawa wa dirisha ulitoka tumbo kuelekea kitandani. Majirani walimcheka. Na yeye mkewe alimcheka, miaka yote, kila asubuhi alipoamka akaona lile tumbo la ukuta kabla ya kuona kitu kingine. Mumewe alikuwa akijibu kwamba ukuta umeshiba tu, uacheni. Picha yake hana hata moja, ziliungua. Nguo hana. Alikuwa na huo ukuta.

Hakuniomba. Alikuwa anaeleza tu kwa nini hawezi kusema asante.

Hamadi akanitazama. Nikafungua uzi. Nikaiweka timazi mfukoni. Tukatoa mistari mitano, tofali moja moja, kwa mikono, ili yasivunjike.

Vijana, nimefanya kazi ya mitambo miaka thelathini na mbili, na sijawahi kufanya kazi ngumu kama ile ya kupindisha ukuta ufanane na wa mtu nisiyemjua. Kunyoosha ni rahisi, uzi unakuonyesha. Hapa palikuwa na kiganja chake tu. Nilikuwa naweka tofali, yeye anafumba macho, anapitisha mkono kwenye udongo mbichi kutoka chini kwenda juu, anatikisa kichwa. Oya. Hapana. Natoa, nasogeza ndani nusu kidole. Anapitisha tena. Oya. Jua lilikuwa linazama na mikono yangu ilikuwa imekufa ganzi na sikuthubutu hata kujikuna.

Mara ya kumi au zaidi, mkono wake ulipanda, ukafika usawa wa dirisha, ukatoka na lile tumbo, ukasimama pale. Akaacha macho yamefumbwa. "Yego," akasema.

Ndiyo.

Kisha akaanza kumcheka mumewe.